Shajara ya mradi wa Ukingo: Wenye Fundo na kamba zao mbili

Jumapili, Januari 12

Naanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa michoro ya kalamu na hesabu za maziwa. Kwa atakayesoma hapa bila kujua tulikotoka: Ukingo ni mchezo wa ubaoni wa watu watano, una kadi, kete na kamba, na unahusu viumbe wa sayari nyingine. Tuko watatu. Mimi naandika hadithi na kanuni, binamu yangu anapiga hesabu za kete, na dada mmoja wa Buruburu anachora. Ramani imekamilika. Koo nne za watu wa kawaida zimekamilika: wabeba barafu, wapika chumvi, wafuga kuvu, walinda upepo. Kinachonishinda ni ukoo wa tano, wale wakubwa wajanja wanaowakalia hawa wengine. Kila nikiwaandika wanatoka majambazi.

Nianze na sayari, kwa sababu ujanja wao umeota humo. Februari 2017 wanaastronomia walitangaza kwamba nyota ndogo nyekundu iitwayo TRAPPIST-1, kama miaka 40 ya nuru kutoka hapa, ina sayari 7. Zote zimeisogelea nyota yao mno: ya ndani kabisa huizunguka kwa siku moja na nusu, ya nje kabisa kwa siku 19 hivi. Sayari iliyo karibu namna hiyo huenda ikafungwa na mvutano, ikabaki kuielekezea nyota uso mmoja, kama Mwezi unavyotuonyesha uso uleule kila siku. Upande mmoja ni mchana usiokwisha, wa pili ni usiku usiokwisha, na katikati pana ukanda mwembamba ambako jua limekwama kwenye upeo, saa kumi na mbili jioni inayokataa kuwa saa moja. Sayari yangu ni ya kubuni lakini nimeifunga vivyo hivyo, na watu wake wanaishi kwenye ukanda huo. Ndio Ukingo.

Sasa fikiria saa zetu. Sisi tunahesabu tangu jua linapotoka. Nairobi iko kama kilomita 140 tu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja kasorobo. Huhitaji kumuuliza mtu; ukiona mwanga dirishani unajua watoto wameshachelewa shule. Ukingoni hakuna saa moja ya asubuhi kwa sababu hakuna asubuhi. Anayetaka kujua ni wakati gani lazima aulize, na lazima awepo wa kuulizwa.

Kwa hiyo wakubwa wangu hawana panga wala askari. Wana jibu la swali la saa ngapi. Hilo nimelishika. Namna ya kulifanya lichezeke mezani bado.

Alhamisi, Januari 16

Majina. Rasimu ya kwanza wakubwa waliitwa Wazraktori. Binamu akasema hiyo ni dawa ya minyoo, na sikuwa na la kujibu. Sasa viumbe wote ni Wahilu, mmoja Mhilu, na wakubwa wao ni Wenye Fundo, maana wanahesabu zamu kwa kufunga mafundo kwenye kamba. Fundo liko kwenye kamba na fundo liko moyoni mwa mwenye kinyongo. Yote mawili nayataka, na sihitaji kuyaeleza.

Usiku tuligombana kwa simu karibu nusu saa juu ya ngeli. Binamu alitaka Wahilu wachukue KI-VI kwa kuwa ni viumbe. Nikamwambia kiumbe mwenye uhai huenda na A-WA, kama kiongozi, kama kipofu, kama kinyozi: hatusemi kinyozi kimekuja. Akasema, "Wewe husemi, lakini kuna watu wakimtaja mboch wao, yaani mfanyakazi wa nyumbani, utadhani wanataja kiti."

Nikanyamaza. Kisha nikaandika kanuni: Wenye Fundo wakizungumza juu ya Wahilu wengine hutumia KI-VI. Kihilu kimechelewa. Vihilu vimelala. Hawatukani na hawapazi sauti, wanabadilisha kiambishi tu, na mchezaji aliyeshika ukoo huo atasema hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa upole, kama mtu anayeulizia sukari. Dada mchoraji alijaribu kwenye ujumbe wa sauti: "Kile kijamaa cha barafu kimefika? Kipewe maji." Nilicheka. Nikasikiliza mara ya pili nikaudhika kweli.

Salamu pia nimeipata. Wahilu hawana habari za asubuhi. Wakikutana njiani mmoja huuliza, "Fundo la ngapi?" na mwingine hujibu, "Wanajua wenyewe."

Jumamosi, Januari 25

Jaribio la kwanza, sebuleni kwangu Umoja. Limeanguka vibaya.

Nilikuwa nimewapa Wenye Fundo jela, kodi na haki ya kunyang'anya kadi. Jirani aliyewashika aliwafunga watu wote wanne kabla chai haijapoa, halafu akabaki anazungusha kete peke yake huku wengine wakiangalia simu. Nilimwona binamu akipiga miayo kwenye mchezo alioutengeneza mwenyewe.

Aliyeokoa siku ni shangazi. Alikuwa amepita kuleta sukuma wiki, tukamkalisha kwa sababu mtu wa tano alikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwao, mwaka wa kumi na moja sasa. Mchezo ulipoisha aliikusanya meza, akapanga kete zangu kwa rangi bila kuombwa, akasema:

"Mwanangu, hawa wakubwa wako si wajanja. Hawa ni wezi wa ng'ombe."

Nikamuuliza yeye angefanyaje.

"Mimi nikitaka kula pesa za chama, pesa sizigusi. Nagusa daftari. Tena siandiki uongo mkubwa, kwa sababu uongo mkubwa kila mtu anaukumbuka. Naandika kwamba ile Jumapili ya mvua hatukukutana." Akafunga mfuko wa kete. "Mkishakubali kwamba hatukukutana, mchango wa siku hiyo ni wa nani?"

Kisha akanitazama sana. "Na sijawahi. Usiandike vibaya."

Nimeandika vizuri, shangazi.

Jela nimeifuta. Askari nimewafuta. Kodi nayo imekwenda.

Jumamosi, Februari 1

Nimeshinda maktabani Makadara tangu wafungue hadi mlinzi alipoanza kutikisa funguo. Shangazi alinipa wazo la kuiba siku. Nilitaka kuona kama kuna waliowahi kuiba siku kweli, na wanafanyaje wasishikwe.

Wapo. Roma ya kale mwaka wa kalenda ulikuwa mfupi kuliko mwaka wa jua, hivyo makuhani wakuu walipewa mamlaka ya kuongeza siku 22 au 23 pale walipoona inafaa. Na waliona inafaa rafiki yao akiwa madarakani, ili akae zaidi. Adui akiwa kwenye kiti, mwaka ulibaki mfupi. Mambo yalienda kombo kiasi kwamba Julius Caesar, alipoamua kurekebisha, mwaka 46 KK ulilazimika kuwa na siku 445. Hebu fikiria kodi ya nyumba ya mwaka huo. Mfanyakazi mmoja wa viwanda vya Dundee, Uskoti, karne ya 19, alisimulia jinsi mabwana walivyosogeza saa ya kiwanda mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni, hadi wafanyakazi wakaogopa hata kubeba saa mfukoni, maana mwenye saa alionekana mchokozi.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya. Neno ninalolitafuta lilikuwa nyumbani: kipande. Babu alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika katika Kenya ya mkoloni alilazimishwa kubeba cheti cha usajili ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo ulianza lini na uliacha lini. Asipotia sahihi ya kukuachilia, huwezi kuandikwa kwingine, na ukikutwa njiani wewe ni mtoro. Kwenye mashamba kulikuwa na tikiti ya siku 30 za kazi, na siku haikuwa siku mpaka bwana aitie alama. Harry Thuku aliyepinga mambo hayo alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi ukamiminiwa risasi. Kete za mshahara kwenye mchezo wangu zilikuwa zinaitwa "sarafu". Tangu leo zinaitwa vipande.

Lakini kuna kasoro iliyonikalia tangu asubuhi, na nimeitatua nikiwa kwenye matatu ya kurudi, nimesimama, kichwa kimeinama chini ya paa. Wenye Fundo wakifunga mafundo tisa pale watu wamefanya zamu kumi, wanaiba mshahara wa zamu moja. Sawa. Ila kama kamba ni hiyohiyo, basi na madeni yanachelewa kuiva. Mhilu anayedaiwa atafurahi. Wizi unajifuta wenyewe.

Dawa ni kamba mbili. Kamba ya Kazi hufungwa polepole: zamu kumi, mafundo tisa. Kamba ya Deni hufungwa haraka: zamu kumi, mafundo kumi na moja. Kila kamba ina mashahidi wake na nyumba yake, moja upande wa joto na nyingine upande wa baridi, na ukiitazama yoyote peke yake ni kamba halali, mafundo yamenyooka, hakuna pa kunyooshea kidole. Uongo unaonekana zikilazwa sambamba tu. Hapo ndipo nilipowapa wakubwa wangu ujanja wao wa kwanza halisi: hawakupiga marufuku kuzilaza sambamba. Walitunga wimbo wa kubembelezea watoto unaosema kamba zikilala pamoja zitazaa, na watoto wake watakula wakati wote uliobaki. Nyanya ndio wanaouimba. Wenye Fundo wenyewe hawajauimba vizazi na vizazi.

Kondakta alinidai nauli mara mbili na nikalipa, nikiwa bado nahesabu mafundo.

Jumapili, Februari 9

Stima ilipotea saa mbili usiku, nikaandikia mshumaa. Swali la binamu: watu wazima watadanganywaje hesabu? Mtu si atahesabu mwenyewe kichwani, au kwa njaa yake, au kwa usingizi wake?

Jibu liko kwenye pango. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alijifungia ndani ya pango milimani bila saa, akaingia Julai 16. Alipotolewa Septemba 14 alidhani ni Agosti 20. Siku 25 zilimpotea, na hakuna aliyekuwa akimdanganya. Mwili una saa yake lakini saa hiyo haina kumbukumbu. Peke yako gizani unahesabu pungufu. Wenye Fundo hawakuuvumbua upungufu huo, walichofanya ni kujenga juu yake.

Mshumaa umeisha. Sijui ni saa ngapi, na simu imezima chaji. Vizuri kabisa.

Jumamosi, Februari 15

Jaribio la pili. Simu zote kapuni, saa ya ukutani imegeuzwa uso. Mwenye Fundo anafungua zamu kwa kugonga meza na kuifunga anapotaka, nyingine ndefu, nyingine fupi. Mikono yake iko ndani ya mfuko wa kitambaa cha kanga, huko ndiko anakofunga kamba zote mbili, hakuna anayeona. Wengine wana kazi nyingi za mkono: kupanga kadi za barafu, kubadilishana chumvi, kubishana bei. Binamu hachezi, yeye anatia njiti ya kiberiti kikombeni kila zamu ikiisha, ili tujue ukweli.

Mwishoni niliwauliza wote wanne zimepita zamu ngapi. Walisema 14, 17, 15 na 19. Kikombeni njiti 18.

Aliyeshika Wenye Fundo safari hii ni kondakta wa matatu anayeishi ghorofa ya chini. Nilimtaka kwa makusudi: mtu ambaye kila siku anabeba hesabu ya mwenye gari, hesabu ya dereva na hesabu yake kichwani, tena akining'inia mlangoni, hawezi kuchanganyikiwa na kamba mbili. Na hakuchanganyikiwa. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa mkali hata kidogo. Alimpa mpika chumvi mkopo kabla hajauomba. Alimuuliza mlinda upepo kama magoti yamepoa. "Bosi," aliniambia baadaye, "abiria ukimfokea anahesabu chenji. Ukimchekea anaweka mfukoni."

Mtoto wa jirani, miaka 12, aliyekuwa anatazama tu akila njugu, ndiye aliyevunja kila kitu kwa sentensi moja.

"Lakini wabeba barafu wanaenda gizani. Hawaoni zile sayari zingine zikipita?"

Meza nzima ikanyamaza. Ana haki. Kwenye mfumo kama ule wa TRAPPIST-1 sayari zimekaribiana hivi kwamba ukisimama juu ya moja, jirani yake akipita karibu anaweza kuonekana mkubwa kama Mwezi wetu au zaidi. Hiyo ni saa ya ukutani, imetundikwa angani, bure. Mhilu yeyote mwenye shingo angehesabu.

Tulikaa mpaka saa nne tukiziba hilo tundu. Ukanda wenyewe tumeufunika ukungu wa kudumu, pale upepo wa moto unapokutana na wa baridi. Hiyo ilikuwa rahisi. Wabeba barafu ndio kazi, kwa sababu lazima wavuke ukungu, na gizani anga ni safi. Binamu alitaka wauawe wakirudi. Nilimkumbusha wezi wa ng'ombe.

Tulichokubaliana ni kilemba. Mbeba barafu anapoteuliwa mara ya kwanza hufungwa kilemba kizito kinachoshuka hadi chini ya macho, kwa sherehe, ngoma zikilia, mama yake akilia machozi ya fahari. Wanamwambia giza linakula macho ya watu wa kawaida, na yeye ameheshimiwa kwa kukingwa. Analipwa vipande viwili zaidi ya wengine. Hutembea gizani akiongozwa na kamba iliyotandazwa chini, akiona vidole vya miguu yake tu. Akivua kilemba anaona sayari. Lakini akivua, amejivua na heshima, na mama yake mtaani ataambiwa nini? Dada mchoraji alikichora usiku uleule: kilemba chekundu, mshono mkubwa kwenye paji la uso, na chini yake mdomo unaotabasamu. Ndiyo picha bora tuliyo nayo mpaka sasa.

Alhamisi, Februari 27

Kuchapisha. Sitaki kuandika mengi maana damu bado inachemka. Nilipeleka kadi 110 kwa fundi mmoja wa kuchapisha mjini, nikalipa arubuni ya shilingi 4,500, akasema nije Jumatatu. Jumatatu akasema kesho. Kesho akasema mashine inakula wino, nije kesho. Leo nimezipata, na migongo ya kadi za barafu ina rangi mbili tofauti, kwa hiyo ukiziona kwa nyuma unajua ipi ni ipi. Alipoona sura yangu akaniuliza kwa upole kama nimekula, akaniitia chai.

Nilikunywa chai yake, na nilipokwisha kuvuka barabara ndipo nikatambua nimefanywa mlinda upepo.

Tutazivisha mifuko ya plastiki, kila kadi wake, kwa mkono.

Jumamosi, Machi 8

Kanuni mbili mpya. Ya kwanza ilijiita jina yenyewe: Usimguse Mkono. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono, na mimi nimeigeuza kuwa hesabu. Tofauti kati ya Kamba ya Kazi na Kamba ya Deni ikiwa fundo moja hadi matatu, Mwenye Fundo anakula kwa amani. Ikifika manne, amemgusa kipofu mkono. Mchezaji yeyote anayehisi hivyo anaweza kupiga meza na kuita "Mkono!", na kamba zote mbili hutolewa mfukoni na kulazwa sambamba mbele ya watu. Akiwa amekosea, anapoteza vipande vyake vyote. Tumecheza mara sita wiki hii, na mara nne hakuna aliyethubutu kuita, ingawa mara mbili kati ya hizo tofauti ilikuwa tano.

Kanuni ya pili imetugawa. Nimeiandika hivi: mtu akishaita "Mkono!" na kabla kamba hazijatolewa, Mwenye Fundo ana nafasi moja ya kumwambia, "Njoo ule nasi." Akikubali, anahamia upande wao, anapewa sehemu ya mapato, na kamba zinabaki mfukoni. Akikataa, zinatoka.

Kwangu huu ndio moyo wa ukoo wote. Ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe hudumaa akili. Wenye Fundo wamedumu kwa sababu kila kizazi hutafuta Mhilu aliyeweza kuhesabu peke yake, yaani yule mmoja wa hatari, na kumpa kiti. Watu huona mtoto wa mpika chumvi amepanda juu, wanasherehekea. Kilichobaki chini ni wasiojua kuhesabu.

Dada mchoraji hakubaliani kabisa. "Kaka, hakuna atakayekubali mezani. Mtu ameshashinda, kamba zinatoka, wenzake wanashangilia. Auze ushindi kwa sehemu ya mapato?" Binamu anasema hesabu inamwunga mkono dada: aliyekubali anapata kidogo kuliko angepata akikataa. Nimewaambia tujaribu mara moja, ikikwama nitaifuta mwenyewe.

Jumamosi, Machi 15

Jaribio la tisa, mchezo kamili. Kondakta alishika Wenye Fundo, shangazi wapika chumvi, dada wafuga kuvu, jirani walinda upepo, na yule kijana wa miaka 12 alibembeleza wiki nzima mpaka tukampa wabeba barafu. Binamu alikaa na njiti zake.

Kondakta alikuwa mtamu kama kawaida. "Kile kitoto cha barafu kimeshakula? Kisogezewe kikombe." Kijana alisogezewa kikombe, akanywa, akapanga kadi zake, hakusema kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa suruali muda wote. Nilidhani ni baridi. Mvua ilikuwa imeanza.

Zamu fulani, kondakta alipoonyesha Kamba ya Deni na kumdai shangazi vipande vinne, kijana alipiga meza.

"Mkono!"

Akatoa mkono mfukoni. Alikuwa na uzi mweusi wa kushonea viatu, umejaa vifundo vidogo vidogo alivyofunga kwa vidole vya mkono mmoja, kimoja kila zamu tangu tuanze. Hakuna kanuni iliyomkataza. Sikuwahi kufikiria. Shangazi alipiga makofi, jirani akasimama kabisa, dada akanitazama kwa jicho la kusema umeona sasa.

Kondakta hakuangalia uzi. Aliutoa mkono mmoja kwenye mfuko wa kanga, akauweka juu ya meza, kiganja juu, akazungumza na sisi wengine kana kwamba kijana ni mtu mkubwa aliyeingia mlangoni.

"Mgeni wetu amefika," alisema. "Amechoka. Apishwe akae hapa karibu nami. Njoo ule nasi, mwenzetu."

Amefika. Amechoka. Apishwe. Tangu mchezo uanze kijana alikuwa anaitwa kwa KI, saa nzima na zaidi, na niliona masikio yake yakisimama kwa ile A. Alimtazama dada, akamtazama shangazi. Akaukunja uzi wake mara mbili, mara tatu, akaurudisha mfukoni. Akahama kiti.

"Wewe kijana!" shangazi alisema. "Tulikuwa tumeshinda!"

Kondakta akamkabidhi mfuko wa kanga. Kijana akaingiza mikono, akakaa wima, akagonga meza kufungua zamu.

"Fundo la ngapi?" jirani aliuliza, bado amesimama.

"La kumi na sita."

Binamu alisogeza kikombe upande wangu bila kusema. Nilihesabu njiti kwa kidole, mara mbili. Zilikuwa kumi na nane.

Shangazi alikuwa bado anakusanya chumvi yake polepole, kwa hasira. Kijana alimsubiri kidogo, akamgeukia kondakta, akasema kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake:

"Kile kishangazi cha chumvi kimechelewa. Kipewe maji."